Ada Siyo Mwisho wa Malezi

Kila mwaka ifikapo Oktoba, vyuo vikuu vikikaribia kufunguliwa, kuna kauli inayozunguka kwenye vikao vya familia na kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo: "Huyo sasa ni mtu mzima. Akishafika chuo, mwacheni ajitegemee." Wanaoisema ni watu wa heshima zao: mjomba aliyesoma, mwalimu mstaafu, shangazi mwenye kazi nzuri mjini. Mzazi naye huipokea kwa mikono miwili maana amechoka. Amesomesha tangu darasa la kwanza, ameuza alichouza, na kuambiwa kwamba kazi imekwisha ni faraja kubwa. Analipa ada au sehemu yake, ananunua begi na godoro, anampandisha mtoto basi, na baada ya hapo inabaki simu ya Jumapili na dua.

Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nasema kauli hiyo inatuumizia watoto. Kumlea kijana aliye chuo si kumfanya mtoto tena. Ni kuendelea kuyajua maisha yake muhula hadi muhula, kwa karibu kiasi cha kumfaa na kwa umbali kiasi cha kumwacha aamue mwenyewe. Mzazi anayejitoa kabisa humwacha kijana na maamuzi ambayo hajawahi kuyafanya hata siku moja, tena kwa wakati mmoja.

Nikubali kwanza lenye ukweli. Kisheria ni mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mwenye umri chini ya miaka 18, na wengi wanaingia chuo wakiwa wameshaivuka. Wanapiga kura na wanafungua akaunti za benki kwa majina yao. Lakini tazama dola hiyohiyo inavyomtendea inapofika kwenye fedha. Kijana akiomba mkopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haiulizi uwezo wake yeye. Inauliza uwezo wa mzazi au mlezi. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, kama mzazi amefariki inataka cheti cha kifo, na fomu lazima iwe na sahihi ya mdhamini, ambaye mara nyingi ni baba au mama. Mtu mzima gani huyo anayepimwa kwa mfuko wa baba yake? Serikali yenyewe inajua kwamba kijana huyu bado amesimama juu ya mabega ya nyumbani kwao.

Kauli hii ilitoka wapi, basi? Naamini tumeirithi kutoka kwa kizazi ambacho kwacho ilikuwa kweli. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha afanye kazi, ndipo aombe nafasi akiwa na maoni ya mwajiri wake. Aliyepanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa utaratibu huo alikuwa ameshapokea mshahara, ameshapanga chumba, ameshagombana na bosi na kupatana naye. Wapo walioingia na wake na watoto. Walipofika, serikali iliwalipia masomo, ikawalisha na kuwapa vitanda. Ilikuwa sawa kabisa kumwambia mtu wa namna hiyo ajitegemee, kwa sababu alikuwa ameshajitegemea kabla hajafika.

Utaratibu wa Musoma uliachwa. Mwaka 1992 ukaanza uchangiaji wa gharama, na mzigo wa elimu ya juu ukaanza kurudi kwa familia awamu kwa awamu. Kauli tu ndiyo iliyobaki palepale. Wajomba zetu wanairudia wakikumbuka ujana wa mtu wa miaka 25 mwenye uzoefu wa kazi, na wanamwambia binti wa miaka 19 aliyevua sare ya shule mwezi Mei.

Fikiria huyo binti ametoka wapi. Wengi wanaofika kwetu wamekaa bweni tangu kidato cha kwanza, au angalau miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Kengele imewaamsha, kengele imewapeleka chakulani, kengele imewaingiza prepo na kuwalaza. Mwalimu wa zamu amewahesabu. Simu ilikuwa kosa la kufukuzwa. Baada ya mtihani wa mwisho, wengi wanakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na huko filimbi inachukua nafasi ya kengele. Halafu siku moja wanashushwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, au Msamvu, au Nanenane Dodoma, na kuanzia hapo hakuna anayewaamsha. Mhadhara wa saa moja asubuhi unaendelea uwepo usiwepo. Kozi moja ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mimi niliyesimama mbele siwezi kujua kwamba aliyekuwa anakaa safu ya nne hajaonekana wiki tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria ndani ya jengo la TANU pale Lumumba, na wanafunzi wake walienea kwenye meza chache. Mwalimu wa wakati ule angeweza kuwa mlezi. Sisi wa leo, hata tukitaka, hatuwafikii wote.

Ndiyo maana simu ya nyumbani ina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba simu zenyewe nyingi ni tupu. Nimezisikia mara nyingi kwenye korido, zinafanana:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Masomo je?"

"Yanaenda vizuri."

"Haya baba, soma kwa bidii. Usisahau ulikotoka."

Dakika mbili, salio limebaki. Mama ametimiza wajibu wake kwa upendo wote, na hajajua chochote. Kijana mwenyewe amefunzwa kwamba jibu la nyumbani ni "vizuri", kwa sababu hakuulizwa swali linalohitaji jibu jingine. Sasa fikiria mama huyohuyo angesema: "Lile jaribio la takwimu ulilosema ni Jumatano, limekuwaje? Wamewarudishia? Kwenye kundi lenu la kazi mko wangapi, na nani hafanyi?" Hapo hawezi kujibu "vizuri" akamaliza. Ama atasimulia, ama atanyamaza, na kunyamaza kwake ni habari.

Wapo wanaonijibu: mimi sikusoma chuo, hayo ya takwimu nitayajulia wapi? Hilo ndilo pingamizi ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalonigusa, maana linatoka kwa wazazi wanaojiona wadogo mbele ya watoto wao wenyewe. Jibu langu ni kwamba huhitaji kujua takwimu. Unahitaji kujua tarehe. Muhula katika vyuo vingi ni kiasi cha wiki 15 za masomo na wiki mbili hivi za mitihani, na kila chuo kina almanaka yake iliyoandikwa. Mwombe mwanao akutumie, mkae naye kabla hajaondoka, kwenye mkeka au mezani, muandike pembeni ya kalenda ya ukutani siku ya mwisho ya kujisajili, wiki ya majaribio ya kwanza, siku ya kuanza mitihani ya mwisho, siku ya kufunga. Mama anayelima mpunga Kilombero anajua wiki ya palizi na hasubiri mavuno kuuliza kama shamba lilipaliliwa. Uwezo huohuo unatosha.

Na wiki hizo si za kuchezea. Pale Mlimani, kwa kozi nyingi, alama 40 kati ya 100 hukusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, kwa majaribio, mazoezi na kazi za kundi. Sitini zilizobaki ndizo za mtihani wenyewe. Kijana aliyekosa jaribio moja na kuandika jingine bila kujiandaa anaweza kufika mwisho wa muhula akiwa na 12 kati ya hizo 40. Ili afikishe 40 za kufaulu, anahitaji 28 kati ya 60 kwenye karatasi ya somo ambalo hakulihudhuria. Mzazi anayesubiri mitihani ndipo aanze kufunga na kuomba anachelewa. Muhula huwa umeshaamuliwa nusu kufikia wiki ya saba au ya nane.

Tofauti na sekondari, hakuna ripoti itakayoletwa nyumbani. Matokeo yanawekwa kwenye akaunti ya mwanafunzi katika mfumo wa chuo, anayafungua kwa nywila yake, na chuo hakimpigii mzazi kumwambia. Kwa hiyo mlango pekee wa mzazi kuingia kwenye habari hiyo ni uhusiano wake na mwanawe. Ukiufunga kwa kusema "ni mtu mzima", hakuna mwingine.

Nije kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo kauli yetu inapojipinga yenyewe waziwazi.

Wanafunzi wanaopata mkopo hupokea fedha ya chakula na malazi, wenyewe wanaiita bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango chake cha juu kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Haiji kila siku. Inakuja kwa mafungu, kiasi cha miezi miwili kwa pamoja. Siku 60 kwa 10,000 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye jana alikuwa anatumiwa shilingi 20,000 ya sabuni na nauli anaamka na laki sita kwenye akaunti, rafiki zake wote wana laki sita, na mtaa mzima unajua kwamba bumu limetoka. Wauza simu wanajua, na kampuni za kubeti zinajua. Wiki mbili baadaye utamwona anakula mlo mmoja kwa siku, chipsi kavu au wali maharage wa kukopa kwa mama lishe, na siku ya jaribio yuko kitandani hana nguvu.

Tena huyo ni mwenye bahati. Bumu halitoki siku ya kwanza. Kijana sharti asajiliwe kwanza, na ili asajiliwe lazima ile sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia iwe imelipwa. Mwenye chumba pale Sinza, Msewe au Changanyikeni hasubiri Bodi ya Mikopo, anataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele. Wiki tatu au nne za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo wiki ambazo mzazi ameshashusha pumzi akijua mkopo umetoka. Kama una uwezo wa kumsaidia mwanao kwa kiasi kidogo tu mwaka mzima, kiweke pale. Shilingi 150,000 ya Novemba inaokoa zaidi kuliko laki tatu ya Februari. Na ada lipa mwenyewe. Vyuo vya umma vinatoa namba ya malipo, unalipa kwa simu yako ukiwa Nachingwea au Kasulu na risiti inabaki kwako. Kufanya hivyo si kumdharau kijana. Ni kumwondolea jaribu ambalo hata watu wazima kweli wameshindwa.

Sasa lile linalojipinga. Mzazi yuleyule aliyesema mwacheni ajitegemee ndiye anayepiga simu siku bumu lilipotoka: "Mwanangu, tumesikia wamewalipa. Mdogo wako hana viatu vya shule, na bibi yako anahitaji dawa." Naandika hili kwa uangalifu, kwa sababu najua hali za majumbani, na najua hakuna mzazi anayefurahia kumwomba mwanawe. Viatu ni kweli havipo. Lakini nimekaa na wanafunzi, wasichana hasa, waliotuma nyumbani nusu ya bumu kila lilipotoka, wakaona haya kusema kwamba wao wenyewe hawana. Hakuna aliyewauliza wamebakiwa na nini. Fedha ile ni mkopo, siyo mshahara. Akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi aimalize. Anayeichukua leo kwa viatu vya mdogo wake anamtwisha kijana deni la miaka mingi. Kama familia haina budi, basi izungumzwe kabla ya muhula kuanza, kwa kiasi kinachojulikana na kisichozidi, na kijana apewe ruhusa ya kusema hapana bila kuitwa mwenye majivuno ya usomi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulikwepa kwa haya. TAKUKURU ilitoa mwaka 2020 matokeo ya utafiti wake kuhusu rushwa ya ngono katika vyuo vikuu, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa ni kosa. Binti anayebanwa na mtu mwenye kalamu ya alama zake anahitaji mtu wa kumwambia siku hiyohiyo. Mara nyingi hamwambii mama, kwa sababu neno la mwisho aliloagwa nalo stendi lilikuwa "usituletee aibu." Baada ya neno hilo, lolote litakalomtokea analiona ni aibu aliyoileta yeye. Ningeomba mama na baba waseme jingine kabla basi halijaondoka: likikupata lolote, hata ukiona ni kosa lako, nipigie mimi kwanza. Halafu wamwonyeshe kwamba vyuo vina dawati la jinsia na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na kwamba namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo.

Wanaohofia kudekeza nawaelewa. Nimemwona baba aliyekuja kunibembeleza nimwongezee mwanawe alama, kijana amesimama nyuma yake anatazama chini. Nimewaona wazazi waliomchagulia binti kozi kwa sababu jirani ana mtoto daktari, na binti akazama kwenye fizikia asiyoipenda. Huko ni kumchukulia maisha yake, na nakupinga kwa nguvu ileile ninayoipinga nayo kauli ya mwacheni. Mpaka wenyewe naona si mgumu kuuona. Kumsajilia ni kosa, kumuuliza kama amejisajili ni malezi. Kumpigia mhadhiri ni kosa, ila kumuuliza mwanao kama ameshakwenda ofisini kwa mhadhiri, na kwa nini anaogopa kwenda, kunamfaa. Bima yake ya afya, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mpango wa wanafunzi wa NHIF, ihakikishe ipo. Kwenda zahanati ya chuo akiumwa ataenda mwenyewe.

Na wanaosema kwamba shida humkomaza mtu, mbona walijengwa nayo wao? Wengine ndiyo, iliwakomaza. Lakini tunawasikia waliofika tu. Walioanguka hawaalikwi kusimulia kwenye kikao cha ukoo.

Hao walioanguka ndio walionifanya niandike. Kuna familia moja, siitaji, ilikodi Noah kutoka mkoani kuja kwenye mahafali. Baba amevaa suti mpya, mama na shangazi zake wameshona sare ya kitenge, wamebeba keki. Jina halikusomwa. Kijana alikuwa amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli, tangu mwaka wa pili, na kwa muda wote ule alikuwa anaishi gheto kwa rafiki zake, anajibu simu za Jumapili kwamba masomo yanaenda vizuri. Watu walimlaumu kwa uongo wake, na uongo ni uongo. Lakini miaka miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza anasoma kozi gani muhula huu, wala kumwomba wayafungue matokeo pamoja.

Kufungua matokeo pamoja kunahitaji nyumba ambayo habari mbaya inaweza kusemwa ndani yake. Muhula wa kwanza unapofungwa, kabla wa pili haujashika kasi, matokeo hutoka, na hapo ndipo muhula mpya unapoanza kweli kwa mzazi. Kijana akikwambia ana sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, usianze na gharama ulizoingia. Anazijua. Muulize ni kozi zipi, alipata ngapi kwenye majaribio na ngapi kwenye mtihani, maana aliyeharibu majaribio na aliyeharibu mtihani wana maradhi tofauti. Muulize kama alikuwa anakula, kama analala, kama kuna kitu kingine. Kisha mpange fedha, kwa sababu sapu ina gharama zake. Katika vyuo vingi hufanyika kuelekea mwanzo wa mwaka mpya wa masomo, mara nyingi Septemba, wakati ambapo kijana yuko mafunzo ya vitendo au nyumbani, chumba ameshakirudisha, na bumu halipo. Atahitaji nauli ya kurudi mapema na mahali pa kulala wiki mbili. Wapo wanaofeli mitihani hiyo kwa kushindwa tu kufika. Nauli hiyo iwekwe pembeni mapema, Julai, kabla ya michango ya harusi za Agosti haijaimaliza.